Viatu vya Bonanat

Barcelona, mtaa wa Ribera
Siku ya pili baada ya Mtakatifu Yakobo, 1288

Ferrer, mdogo wangu,

Sikuulizi hali, maana na wewe ukiniuliza yangu sitajua nikujibu nini. Bonanat wangu amefariki. Najua unajua. Wewe ni konsuli wa Wakatalani wote walioko Tunis, mwamuzi wa ugomvi wao na mtunza mali za maiti wao, na hakuna pipa la mafuta linalopita lango la Funduki, nyumba yenu ya wafanyabiashara, usilolijua. Ndiyo maana nimekukasirikia kwamba meli yao, Bonaventura, imetia nanga hapa bila hata kipande cha karatasi kutoka kwako. Neno moja tu lingenitosha. Mgongo huu ndio uliokulea, Ferrer.

Nilikuwa natoa biskuti za melini tanurini waliponiita. Nikakimbia hadi mchangani na unga mikononi. Romeu alikuwa wa kwanza kushuka kwenye mashua, nami nikawa natazama nyuma yake, maana baba yake akirudi safari hupenda kushuka wa mwisho, anajidai. Romeu akanishika mabega.

"Mama, usitazame huko."

"Kwa nini? Bado anabishana na mabaharia?"

"Baba hayumo, mama."

Anasema ni homa. Siku ya tatu baada ya kutoka Tunis, wakamteremsha baharini na sala fupi. Hata hivyo mwenyewe hakuona, maana naye alikuwa amelala na homa hiyo hiyo; Pasqual mlinzi wa meli na wenzake ndio waliomweleza, naye kama karani wa meli akaandika. Fikiria, mwana anaamka kitandani anaambiwa achukue kalamu amwandike baba yake kwenye kitabu cha meli. Tangu arudi hali chakula vizuri. Nikimuuliza jambo ananijibu kwa neno moja kisha anatoka kwenda kukaa mchangani.

Unakumbuka ulivyosimama barazani pa kanisa la Santa Maria, kabla hujapelekwa Tunis, ukawaambia wazee wa bahari, waamuzi wa mambo ya meli, kwamba karani wa meli akiandika uongo akatwe mkono wa kulia, ili kitabu cha Mkatalani kiaminike kila bandari? Wazee walikupigia makofi, wakaikubali iwe kanuni. Romeu hupenda kunitania, "Mjomba wangu ameshauweka mkono wangu rehani." Jana nilimkumbusha hayo nikitaka acheke kidogo. Hakucheka.

Nina ombi moja. Bonanat aliacha sanduku lake hapo Funduki. Nitumie. Na kama kuna kitu chochote alichokivaa, hata kikiwa kimechakaa, kitie humo. Sina kaburi la kwenda kulilia, na nguo zake zilizoko hapa nilizifua zote mwezi wa Mei, mjinga mimi.

Dada yako,
Saurina

*

Tunis, Funduki ya Wakatalani
Mkesha wa Kupalizwa Bikira Maria, 1288

Dada yangu Saurina,

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara naiweka chini nikiwa sijui nianzie wapi. Pole, dada. Pole sana. Nilikosa kukuandikia kwa sababu Bonaventura iliondoka kwa haraka, na mimi nilikuwa na kesi ya watu wa Mallorca waliopigana kwa ajili ya shehena ya ngozi. Hicho ni kisingizio, najua.

Bonanat aliumwa, na alivumilia kuliko nilivyotegemea kwa mtu aliyekuwa akilalamika supu ikipoa. Alikutaja kila siku. Alisema nikwambie usiache tanuri lako, kwa kuwa meli zote za Ribera zinakula biskuti zako na hakuna mwingine anayejua kuzikausha zikakaa miezi mitatu bila kuota ukungu. Aliniapisha nihakikishe hilo.

Nakutumia sanduku kwa meli ya watu wa Mallorca, nahodha wake namwamini. Nimetia humo kila nilichokipata: mashati mawili, kofia ya sufu, na viatu vyake vile vyekundu vya ngozi, mkanda wake na kisu chake. Nilivifuta vumbi kwa mkono wangu. Uliomba kitu alichokivaa, nami nikaona hivyo vitakufariji.

Usimsumbue Romeu kwa maswali, nakuomba. Kijana amebeba mzigo mkubwa. Na mwaka wa msiba ukiisha, akitokea mtu mwema, usijifungie. Wewe ni mjane, una haki zako zote za mjane. Hata Bonanat angependa hivyo.

Mdogo wako,
Ferrer

*

Barcelona
Mtakatifu Mikaeli, 1288

Kwa Ferrer, konsuli,

Sanduku limefika. Nililifungua peke yangu, mlango nimeufunga. Nikatoa kofia, nikainusa, nikalia kama ulivyotaka nilie. Kisha nikatoa viatu.

Wewe ulipelekwa kwa mjomba wetu ukiwa na miaka saba ukajifunze uandishi, ukakulia kwenye wino, na lisiloandikwa popote hulijui. Mimi nilibaki na baba, na baba alikuwa mlinzi wa meli miaka ishirini na sita. Basi ngoja nikufundishe. Mtu akifa melini, viatu vyake, mkanda wake na kisu chake ni vya mlinzi wa meli. Ni haki yake kwa kuwa ndiye anayemshona maiti kwenye turubai. Baba alikuwa na kamba nzima ya mikanda ya wafu ukutani, umesahau? Hakuna nahodha anayezuia hilo, wala mjane, wala mfalme. Bonanat angekufa siku ya tatu baada ya kutoka Tunis, leo viatu hivi vingekuwa miguuni kwa Pasqual.

Nilikwenda kwa Pasqual. Nikamkuta anafuma wavu, amevaa viatu vyake vile vya siku zote, vidole nje.

"Pasqual, viatu vya mume wangu viko wapi?"

Akawa mwekundu mpaka shingoni. "Mama Romeu, mimi... nilikuonea haya, nikakuachia."

"Umeniachia kupitia Tunis?"

Akainamia wavu wake. Nyuma yake vijana wawili wa Bonaventura wakaanza kucheka chinichini, na mmoja akasema nikisikia, "Maji ya Tunis matamu, mama. Anayeyanywa harudi." Nikamtupia kipande cha mkate mkavu usoni, lakini nilikuwa nimeshaelewa.

Yu hai. Yu hai huko, nanyi mnajua. Ni nani huyo mwanamke, Ferrer? Ana miaka mingapi? Amemzalia? Unakula kwao Jumapili? Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti una haki zako za mjane, eti akitokea mtu mwema! Mlitaka niolewe mume wangu akiwa hai, nife katika dhambi, ili yeye alale bila kusumbuliwa. Na mbaya kuliko yote, mmemtumia mwanangu. Romeu amelala na homa, hana habari, mnamwambia andika baba yako amekufa, naye anaandika huku analia. Amemlilia baba ambaye anakunywa maji ya Tunis.

Sijamwambia Romeu lolote, masikini, hajui kitu. Ila sitakaa kimya. Nakupa mpaka Mtakatifu Martin. Usiponiletea ukweli, navichukua viatu hivi nakwenda kuviweka mbele ya wazee wa bahari. Wamwite Pasqual na nahodha waapishwe. Nataka Ribera yote ijue nani mwongo.

Saurina

*

Tunis
Siku ya Marehemu Wote, 1288

Dada yangu,

Barua yako imenifikia jana. Usiende kwa wazee. Nakupigia magoti, usiende. Vichome viatu leo hii.

Hakuna mwanamke. Natamani angekuwepo.

Mwezi wa Juni Bonanat alikuwa akila nami hapa Funduki. Akainua sufuria ya mbaazi kutoka kwenye makaa kwa mikono mitupu, akaileta mezani huku anasimulia kisa cha forodhani. Nikasikia harufu ya ngozi inaungua. Yeye alikuwa bado anasimulia. Nikamwambia, "Shemeji, mkono wako!" Akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Tulimwita tabibu, kisha tabibu wa pili, na wote wawili wakasema neno lile lile. Ni ukoma, Saurina. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba, ndiyo maana viatu alivivua.

Anaishi nje ya kuta, mahali walipo wenzake wa maradhi hayo. Watu wa hapa hawamtendei vibaya. Mzee mmoja, Yahya, humwachia maji na tini jiweni kila asubuhi na kumwuliza hali kwa mbali. Mimi huenda Jumapili. Ndiyo, Jumapili, kama ulivyosema.

Usiku ule wa kwanza aliwaza jambo moja tu. Wewe unaoka mkate. Ikijulikana Ribera kwamba mumeo ana ukoma, nani atanunua biskuti zako? Wangelibomoa tanuri na kukufungia ndani, na Romeu asingekubaliwa kukaa chombo kimoja na mtu. Basi akataka afe. Aliwaambia mabaharia kwamba amepata mwanamke, anabaki, wamtunzie siri. Walicheka, wakampiga mgongoni, wakaapa. Aliwachekea vizuri kuliko mchekeshaji wa sokoni, kisha akaja chumbani kwangu akalia.

Sasa sikiliza sehemu yangu. Romeu alinijia mimi. Akasema, "Mjomba, andika kwenye kitabu chako kwamba baba amefia hapa, ugonge muhuri, imekwisha." Nikamwambia haiwezekani. Kasisi wa Funduki angeuliza kaburi liko wapi, na muhuri wa konsuli si wa kuchezea. Nilizungumza vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Basi bahari haiulizwi kaburi." Akafungua kitabu chake cha meli hapa mezani kwangu, akaandika. Alikuwa mzima. Hakuwa na homa wala hakuambiwa na mtu, alikudanganya ili usimhoji. Mimi nilimshikia taa.

Ukienda kwa wazee, si Pasqual utakayemfunga. Unaelewa kanuni ile inamwangukia nani. Niliitaka mimi mwenyewe, kwa sauti kubwa, na watu wakanipigia makofi.

Barua hii inakuja na meli ya Wagenova. Hakuna meli nyingine. Namwomba Mungu upepo.

Ferrer

*

Barcelona
Siku ya tatu baada ya Mtakatifu Martin, 1288

Ferrer,

Sijapata barua yako. Niliisubiri mpaka siku niliyosema, kisha nikaenda.

Wazee walikaa barazani, wawili wale wa mwaka huu na yule anayesikiliza rufaa. Huwajui wapya, ni watu wa haki, hawataki mawakili wala maneno mengi. Nikaweka viatu kwenye benchi, nikasema vimenijia kutoka Tunis. Mmoja akavigeuza, akatazama soli, akasema, "Hivi havijafika kwa mlinzi. Mtu huyu hakufia melini." Nikaona fahari, Ferrer. Nilisimama pale nimejishika kiuno kama mshindi.

Wakamwapisha Pasqual juu ya msalaba. Akasema, "Bwana Bonanat hakupanda meli. Alibaki kwa mambo ya kiume." Watu wakacheka. Wakamwita Romeu, wakamfungulia kitabu.

"Karani, ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Uliona kifo hiki?"

"Sikukiona."

"Nani alikuambia uandike?"

"Hakuna."

Nikapiga kelele, "Alikuwa na homa! Walimdanganya mtoto wa watu!" Pasqual akanigeukia na machozi. "Mama Romeu, hakuwa na homa. Siku ile alikula kitunguu na samaki pamoja nami." Mzee wa rufaa akasema nikae. Sikuweza kukaa. Walimuuliza kwa nini ameandika uongo, wakamuuliza mara tatu, naye akatazama viatu tu. Ya nne akasema, "Niliandika kwa hiari yangu. Mama yangu hajui kitu."

Wanasema wafanyabiashara wa Marseille na Pisa wameshasikia. Wanasema kama karani anaweza kumwua mtu kwa wino, basi shehena zote zilizoandikwa kwenye vitabu vyetu ni hadithi. Wamemfunga. Hukumu ni baada ya Mtakatifu Lusia.

Sitaki tena kujua kuhusu huyo mwanamke. Akae naye. Ninakuomba kitu kimoja: andika kwa muhuri wako kwamba wewe ulijua, kwamba wewe mkubwa wake ulimwamuru. Wazee wamesema wazi kwamba karani aliyeamriwa na konsuli hakatwi. Watakuvua cheo, najua. Utarudi nyumbani ule mkate wangu mpaka ufe. Meli ya divai inaondoka kesho kuja huko na itarudi kabla ya Lusia. Tumia hiyo. Ferrer, mdogo wangu, sijawahi kukuomba kitu.

Saurina

*

Barcelona
Sikukuu ya Mishumaa, 1289

Ferrer,

Barua yako ya Siku ya Marehemu ilifika siku moja kabla ya hukumu. Meli ya divai ilifika siku hiyo hiyo. Haikuwa na kitu kutoka kwako. Nilimuuliza nahodha mpaka akaniapia kwa watoto wake kwamba alikukabidhi barua yangu mkononi.

Niliisoma ile ya Wagenova nimekaa juu ya gunia la ngano. Siwezi kukwambia nilivyokuwa. Nilikuwa nimeshamtukana mume wangu kila usiku miezi miwili.

Nikaenda gerezani nikiwa nimeificha kifuani. Nikamwambia Romeu, "Nitawaonyesha wazee. Haina muhuri, lakini ni mwandiko wa konsuli. Wakijua sababu watakuhurumia." Akaniomba nimpe. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia.

"Mama, hapa mjomba hakusema ameniamuru. Amesema alinishikia taa. Mkono utakatwa vile vile."

"Watakuhurumia!"

"Na wakishanihurumia watakuja kubomoa tanuri. Baba atakuwa amekufa bure." Akanishika mkono kwa mkono wake ule. "Waache waseme ni mwanamke. Nawe sema ni mwanamke."

Nilisimama barazani siku ile na barua kifuani, nikanyamaza. Nilikuwa karibu, hatua saba hivi. Wazee walimsamehe chuma cha moto ambacho karani mwongo huchomwa nacho kwenye kipaji cha uso, wakasema ni kwa ujana wake. Mkono hawakumsamehe. Hakulia mpaka tulipofika nyumbani.

Sasa kanuni yako imeandikwa kwenye karatasi nzuri, na meli za Pisa zinapakia bidhaa zao kwetu bila kuuliza. Biskuti zangu zinauzika kuliko mwaka jana. Kisimani wanawake wananiuliza, "Saurina, yule wa Tunis ni mweupe au mweusi?" Nawaambia ni mnene, ana meno ya dhahabu. Wanacheka mpaka ndoo zinamwagika, nami nacheka nao.

Usiniandikie.

Saurina

*

Tunis
Jumapili ya Matawi, 1289

Dada,

Uliniambia nisiandike. Naandika kwa ajili ya mtu mwingine, ila kwanza niseme langu.

Niliipata barua yako ya Mtakatifu Martin mapema, ikiwa na siku tatu za nafasi. Niliyeyusha nta. Niliandika mistari minne, ile uliyoitaka, na muhuri nilikuwa nimeushika. Nikafikiri juu ya nani atawaamua watu wa hapa, na Funduki itachukuliwa na nani, na jina letu. Nilifikiri mpaka nta ikaganda. Asubuhi meli ya divai iliondoka na mimi nimesimama dirishani. Niliogopa, Saurina. Nimetafuta neno jingine na sijalipata.

Bado ni konsuli. Watu wananiamkia kwa heshima. Sijaweza kula pamoja nao tangu habari ya mkono wa Romeu ilipofika.

Bonanat hajui. Ugonjwa umepanda usoni, jicho moja limefunga na la pili linafifia, na tabibu anasema hatafika majira ya mavuno. Kila Jumapili ananiuliza, "Romeu je?" Nami namwambia yuko vizuri, amepandishwa meli kubwa, kitabu chake kinasifiwa mpaka Mallorca. Anafurahi, anacheka kwa sauti ile ile. Yeye ndiye aliyewafundisha nyote wawili kuandika, kwa kidole, juu ya unga ulioutandaza mezani, amenisimulia mara elfu.

Jumapili iliyopita aliniambia, "Ferrer, jicho hili likiwa bado linaona, niletee barua ya Romeu. Sitaki habari ndefu. Nataka kuona mwandiko wake tu." Nikamwambia meli zimechelewa. Akasema, "Atakuwa na shughuli, karani mkubwa huyo. Mwambie hata mistari mitatu."

Nilifikiri kumpa mtu mwingine aandike, nikashindwa. Angeujua mwandiko wa mwanawe hata gizani. Nifanyeje, dada? Niambie nitakalomwambia, nitalisema.

Ferrer

*

Barcelona
Jumatatu baada ya Pasaka ndogo, 1289

Ferrer,

Nilimsomea Romeu barua yako. Alikaa mbele ya tanuri mpaka likapoa. Kisha akaniomba wino na karatasi, akanitoa chumbani. Alikaa humo siku tatu na mkono wake wa kushoto. Karatasi alizozikunja na kuzitupa zimejaa kapu, nimeziwashia moto.

Hii ndiyo aliyoikubali. Mpelekee siku utakayoipata, usingoje Jumapili.

Saurina

*

Baharini, ndani ya meli Santa Magdalena

Baba mpendwa,

Mimi ni mzima. Mama ni mzima, na tanuri linawaka kila siku.

Meli hii ni kubwa kama alivyokueleza mjomba, na kazi ni nyingi. Naomba usinicheke kwa mwandiko huu. Leo bahari imechafuka, meli inayumba tangu alfajiri, na wino unamwagika. Ndiyo maana herufi zimepinda.

Mwanao,
Romeu, karani